Kona ya Chini

Jumapili jioni

Si springi. Miezi yote hii nimelaumu springi, nikabadilisha tairi, nikaweka gunia la mahindi kwenye buti ili nyuma ya gari isiteleze kwenye kona. Kumbe shida ni mimi.

Leo Wafula, fundi wangu, alichukua gari hiyo hiyo, gunia likiwa ndani, akazunguka ile barabara ya murram tunayoshindania kwenye shamba lililokuwa la mzungu. Kwa saa, alinishinda mbali. Kwenye kona ya chini hata hakuyumba.

"Gari haina ugonjwa, Mwalimu," akaniambia. "Wewe unakanyaga breki ukiwa ndani ya kona. Kanyaga mapema, halafu uiachilie."

Nilinuna. Alisema ukweli, ndiyo maana.

Ningejifunza, lakini wapi? Shamba tumelinunua sisi wenyewe, wanachama wa ushirika. Jana tulipiga kura ya kugawana vipande, kila mtu akaokota karatasi yenye namba ya chake, na wiki ijayo wapimaji wanaweka mawe ya mipaka. Hakuna mashindano tena.

Mama watoto alifurahi sana kuona karatasi niliyookota. Sikumwambia kipande chetu kiko wapi hasa.

Kiko pale pale kwenye kona ya chini. Mvua ikinyesha nitapanda mahindi, na sitajua kamwe kama ningeiweza.