Vitanda Visivyofanana

Jumatatu, 4 Agosti

Mawaridi tena. Asubuhi nzima nachora mawaridi, na mashine ya CNC inayapokea kutoka kwenye kompyuta na kuyachonga kwenye kichwa cha kitanda cha mtu. Unga wa mninga umeniingia hadi kwenye meno.

Sikuja Katoro kwa ajili ya vitanda. Nilikuja kwenye karakana ya baba mdogo kukata vipande vya mradi wangu wa mwisho wa usanifu majengo: kibanda cha kivuli kwa akina mama wanaoanika dagaa kule Nkome, ziwani. Paa lake limepinda, na hakuna kipande kinachofanana na kingine. Ndiyo maana nahitaji mashine. Mwalimu anayenisimamia atafika Nkome Jumamosi ya tarehe 16. Asipokuta kitu kimesimama, narudia mwaka.

Sijakata hata kimoja. Kompyuta ya karakana ilikufa, sasa mashine inaendeshwa na laptop yangu. Laptop ikitoka, kazi ya watu inasimama. Na mimi siwezi kutoka bila laptop.

Jumatano, 6 Agosti

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Alikuja mteja, mwenye duara machimboni, shimo lake lilikuwa limetema dhahabu. Alitaka kitanda ambacho hakuna mtu Katoro anacho. Nikajitia ujuaji. Nikamwonyesha programu yangu: nikibadilisha namba moja, ua zima linajipanga upya lenyewe. Nikamwambia kwa programu hii hakuna vitanda viwili vitakavyofanana.

Kumbe nimejifunga mwenyewe. Alienda kuwasimulia wenzake mashimoni. Sasa benchi la nje limejaa wachimbaji. Kila mmoja anataka kwanza aone cha mwenzake, ndipo aagize kitakachokizidi.

"Vyako kesho, ng'wanone." Mwanangu, kwa Kisukuma; baba mdogo ananiambia hivyo tangu nifike. Ndiye anayenisomesha tangu baba afariki, na hajawahi kunisimanga. Nasema sawa, baba. Najichukia kila nikisema.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wengine wako kwenye maonesho, sisi tuko na mashine.

Umeme ulikatika asubuhi. Nilifurahi kimoyomoyo. Nikapanga vizuri: ukirudi tu, naanza na vyangu, nani atanizuia. Nikaenda kununua maji. Niliporudi umeme ulikuwa umewaka na ubao wa mteja umeshafungwa mezani.

Nimelia nyuma ya choo. Hasira tupu.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani wameniita injinia wa vitanda. Nikacheka nao.

Baada ya chakula mama mdogo akanishika mkono, akanipeleka chumba cha uani. Kimepakwa rangi. Pazia jipya. Kitanda kipya cha mninga, na kichwani jina langu, MINZA, limezungukwa na mawaridi niliyoyachora mwenyewe. Holo, binti yao, ndiye aliyelibandika jina kwenye mchoro wangu wa zamani akakichonga kwa siri. Wote walisimama mlangoni wakingoja nifurahi.

"Ili usihangaike tena na godoro la chini," mama mdogo akasema. "Hapa ni kwako."

Nikashukuru. Ni kizuri kweli, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtu hachongewi jina lake mahali anapopita tu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemfundisha Holo kubadilisha namba mwenyewe. Anashika haraka, ana jicho. Nilidhani akijua yeye nitaachiwa nikate vyangu.

Baba mdogo alitutazama, uso ukamchangamka. "Sasa mko wawili. Tutachukua na oda za Geita."

Nimechoka.

Jumatano, 13 Agosti

Baba mdogo amempigia mwalimu wangu. Namba aliitoa kwenye simu yangu nikiwa kazini. Amemwambia binti ana majukumu ya familia, mwaka huu aahirishe. Mwalimu akasikia ni mzazi anayeongea, akakubali kwa heshima.

Kisha baba mdogo akaniletea habari hiyo na soda ya baridi, kama mtu aliyenitua mzigo. Anaamini kabisa amenisaidia. Soda sikuinywa.

Nilijificha nyuma ya rundo la mbao nikampigia mwalimu. Kasema Jumamosi Nkome atafika tu, kuna wenzangu wa kuwakagua huko. "Kama kuna kitu kimesimama, nitakiangalia."

Kisimame kwa mashine ipi?

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda duka la mabango, wale wanaochapisha picha za harusi na matangazo ya mikutano ya injili. Wana karatasi pana ya plastiki. Nimewapa mchoro wangu kwenye flashi, wachapishe vipande vyote kwa ukubwa wake halisi, kila kimoja na namba yake. Nitavikata kwa mkasi, nivilaze juu ya mbao, msumeno ufuate mstari. Mwenye duka akauliza hiyo ni sherehe ya nani.

Laptop nimeiacha karakanani, na waya wake. Ina masomo yangu yote. Lakini nikiichukua nimewafungia kazi, na sitaki isemwe hivyo, kwa sababu itakuwa kweli. Holo akaniuliza, "Dada, na hii?" Nikamwambia itumie.

Nimemuaga mama mdogo tu, nikapanda gari la Nkome. Baba mdogo alikuwa Ushetu kufuata mbao. Ningeweza kumngoja arudi. Niliogopa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nkome. Fundi Majura, mtengeneza mitumbwi, kanipa masalia ya mbao na msumeno wake. Kanikatia vipande vingi yeye mwenyewe, haraka kuliko nilivyotarajia. Tatizo: kwenye mitumbwi wanakata nje ya mstari, halafu wanapunguza kwa randa mpaka ubao uingie. Sikumwambia vyangu vinakatwa juu ya mstari. Kila kiungo kimekataa.

Randa siku nzima. Malengelenge. Nanuka dagaa. Sijafikiria waridi hata mara moja.

Jumamosi, 16 Agosti

Kimesimama. Si chote, upande wa magharibi uko wazi na jua la jioni linapita.

Mwalimu alizunguka, akapima kwa tepu, akauliza mashine iko wapi. Nikamweleza ukweli wote, hata kitanda chenye jina langu. Alama za kukata kwa mashine nimezikosa, kasema wazi. Ila nitautetea mradi mwezi ujao pamoja na wenzangu. Nilitaka kumrukia shingoni. Nikasema asante, mwalimu.

Jumapili, 17 Agosti

Upepo wa ziwani. Akina mama wawili wamehamia chini ya kivuli na ndoo zao bila kuuliza kama kimekwisha.

Mchana baba mdogo kapiga. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba. Hakugomba, na ningependa agombe. Kuna mteja, akasema. Holo amemchorea kitanda, mteja amekikataa, anataka mkono wangu mimi. Narudi lini?

"Sirudi, baba."

Sijawahi kumkatalia kitu. Nyuma yake niliisikia mashine, ilikuwa inachonga.

Kisha akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema haya, akakata simu.