Bosi Anaumwa na Wifi Hataki Sindano

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, maana tatizo langu ni nguruwe, au tuseme ni wifi yangu, mwenyewe sijui tena lipi lilianza. Mimi na wifi, dada yake mume wangu, tunafuga pamoja nyuma ya nyumba, na tulipoanza tulikubaliana kwamba nguruwe wetu hatutawapa antibiotiki, kwa sababu mwenye bucha tunayemuuzia anataka nyama ya namna hiyo, na wifi akaandika kibao akakipigilia getini, NYAMA BILA DAWA, na kweli tukaenda vizuri, hata majirani waliokuwa wanatucheka wakanyamaza. Sasa tuna jike mmoja, tunamwita Bosi kwa sababu hakuna anayegusa chakula kabla yake, amezaa wiki hii, na matiti ya upande mmoja yamevimba, yamekuwa magumu na ya moto, hali chakula, hasimami, watoto wakija kunyonya anageuka kulalia tumbo wasimguse, na anasaga meno, mshauri, ule mlio nausikia mpaka jikoni, unanitoa machozi. Nikasema tumwite daktari wa mifugo, wifi akanijia juu, eti sindano moja tu na jina letu limekwisha, na yeye anamkanda kwa maji ya moto na kumwosha, usafi ndio ugonjwa wake, banda analimwagia maji asubuhi, mchana na jioni utadhani ni chumba cha upasuaji. Juzi daktari alikuwa anapita, wifi akamwahi getini akamwambia sisi huku wote wazima, na mimi nimesimama pale na ndoo yangu, kimya kama bubu. Mume wangu nikimwambia anasema hayo ni mambo yenu, malizaneni. Nimewaza nimwite daktari wifi akienda sokoni, Bosi achomwe sindano kimyakimya na mwenye bucha asijue, lakini nikigundulika nitakuwa nimemharibia wifi kazi yake yote na nyumba haitakalika, nisipofanya hivyo Bosi anakufa nikimwangalia. Nifanyeje?

Wifi wa Bandani

JIBU

Dada, sikucheki. Nashangaa tu: mnyama anasaga meno kwa maumivu, na wewe umekaa kuandika barua. Bosi hasomi magazeti.

Tuanze na mgonjwa. Kufuga bila antibiotiki maana yake ni kuwatunza nguruwe vizuri hata dawa isihitajike. Aliyekwisha kuugua kumnyima dawa si ufugaji bora, ni kumtesa, na kibao getini hakimpunguzii maumivu. Daktari aje, atoe dawa ya ugonjwa na ya maumivu pia, na awaelekeze watoto wapewe maziwa gani wakati mama yao hawezi kuwanyonyesha.

Hilo la kimyakimya lifute kabisa kichwani. Bosi atiwe alama sikioni, na mwenye bucha aambiwe siku hiyohiyo kwamba huyu ametibiwa na hatauzwa kwake. Atanung'unika, mwacheni anung'unike. Akija kugundua mlimficha mmoja, hataamini tena hata wale ambao hawajawahi kuona sindano. Na kibao ongezeeni mstari: anayeumwa hutibiwa, na huuzwa kando.

Nilimsomea daktari mmoja wa mifugo barua yako bila kutaja mtu. Unajua alishtuka wapi? Kwenye maji. Banda linalomwagiwa maji kutwa halikauki, na jike aliyetoka kuzaa analaza matiti yake kwenye sakafu baridi yenye unyevu. Jamani! Zoeni kinyesi kwa koleo. Osheni banda likiwa tupu, liacheni likauke, kisha mtandaze maranda makavu, na mengi, siyo ya kunyunyiza kama chumvi. Msiwabananishe, na watoto msiwe na haraka ya kuwaachisha kunyonya. Hiyo ndiyo kazi mliyojipa siku mliyoacha dawa, na mlifanya nusu yake.

Nawe uliyesimama na ndoo, usimtupie wifi lawama zote. Yeye aliogopa kupoteza mnunuzi, wewe ukamwogopa yeye, na aliyelipia ni Bosi.

Haya yote nayachapisha kwa sababu wafugaji wenye kibao kama chenu ni wengi. Kwako wewe sikungoja gazeti litoke. Nilipiga namba uliyoandika kwenye bahasha, akapokea wifi yako. Nisamehe kwa hilo. Nilijitambulisha, nikamuuliza Bosi anaendeleaje.

"Niko naye hapa chini," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyelia. "Tangu asubuhi hajainua kichwa. Daktari nilimdanganya mwenyewe, sasa nitampigiaje? Na wifi naye haniongeleshi."

Nikamwambia, "Mama, wifi yako hasubiri kuombwa msamaha. Anasubiri umtume kwa daktari."

Nikamsikia anakuita.