Kisanduku cha Umeme Kimehamia kwa Nadhim

Jumhuriya, Basra
22 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Muhannad,

Pokea salamu zangu na za Mama. U hali gani huko Malmö? Mkeo na watoto hawajambo? Nasikia mwezi huu mnalala na blanketi. Haya, kila mtu na riziki yake. Mimi mzima. Mama naye mzima, lakini ni uzima wa juzijuzi tu, ndiyo sababu nakuandikia. Kwenye simu nikitaja jina la Nadhim, mtandao wako unakatika.

Baada ya matanga ya Baba, unajua kaka yetu alijenga ukuta katikati ya nyumba. Hilo nililimeza. Lakini kisanduku cha umeme, chenye meni swichi na breka za nyumba nzima, kilikuwa nje ya chumba cha Mama, yaani upande wetu. Nadhim akataka kihamie kwake.

Fundi Hatif alisema hahitaji kuvuta nyaya upya. Sanduku la zamani libaki ukutani, liwe mahali pa kuungia tu. Nyaya ziongezwe urefu, zipenye ukuta mpya, meni swichi na breka zifungwe kwenye kisanduku kipya upande wa pili wa ukuta huo. Lipu ya Baba haikuchubuka, na Mama aliridhika kwa hilo.

"Kaka, breka ikiruka nitafanyaje?" nikamuuliza Nadhim.

"Utagonga mlango. Kwani mimi nakwenda wapi?"

"Na usipokuwepo?"

"Dada, umeme ni kazi ya wanaume. Utakuja kutuunguza humu." Mkewe Sawsan akacheka.

Nilikupigia wewe, ukaniambia nisikuze jambo dogo.

Tangu hapo nimekuwa mgonga mlango. Sawsan akipiga pasi wakati umeme ni wa jenereta la mtaa, breka inaruka, nasi tunakaa gizani mpaka amalize chai yake. Mimi niliyezaliwa humu naomba taa kama jirani aliyeishiwa chumvi.

Ikafika ziara ya Arubaini, ile ya kila mwaka kwenye kaburi la Imamu. Nadhim akafunga mlango wake, akachukua mke na watoto, wakaanza kutembea kwenda Karbala. Simlaumu kwa hilo. Ningekuwa na wa kumwachia Mama, hata mimi ningekwenda. Ila kabla ya kutoka alifanya kama afanyavyo kila msafiri wa hapa: alizima meni swichi, moto usije ukazuka katika nyumba isiyo na mtu. Isiyo na mtu! Mimi na Mama tulikuwa tunakunywa chai upande wa pili wa ukuta.

Joto la Agosti unalijua, kama hujalisahau. Feni ikasimama, kipoza hewa kikasimama. Tangu avunjike nyonga, Mama hashuki kitandani, na peke yangu siwezi kumbeba. Fundi Hatif naye alikuwa njiani Karbala, na mtaa mzima ulikuwa na makufuli milangoni. Nilipompata Nadhim kwenye simu, nilisikia nyuma yake watu wakigawa maji baridi.

"Lo! Nimesahau," akasema. "Mfunike Mama taulo la maji. Tukifika nitamwombea."

"Nivunje mlango?"

"Usithubutu! Na mlango wenyewe wa chuma, utauweza?"

Mchana Mama akaanza kuniita kwa jina la marehemu dada yake. Niliogopa, Muhannad, sijawahi kuogopa vile. Nikachukua nyundo ya Baba nikauendea ukuta, mbali kidogo na zinapopita nyaya. Nilipiga huku nalia na kutukana, Mungu anisamehe, siku tukufu zile. Mama, ambaye hajawahi kumsema vibaya mwanawe wa kwanza, akasema kutoka kitandani, "Piga kwa nguvu, mwanangu." Mkono ukapita, nikaipandisha swichi.

Nadhim amerudi. Kabla hajauliza hali ya mama yake, aliuliza nani kamvunjia ukuta.

Sasa nisikilize. Fundi Hatif anasema kisanduku kinaweza kurudi pale pale bila taabu, maana nyaya za zamani hazikuguswa. Nadhim hataki. Anasema nyumba ni ya warithi: yeye fungu zima, wewe fungu zima, mimi nusu, kwa kuwa ni mwanamke. Mama yuko nami, lakini hata tukijumlisha fungu lake na langu, hatulifikii la Nadhim. Na wewe, anasema, uko naye.

Nisalimie mkeo Rima na wanao. Mfikishie salamu shangazi Badriya, mwambie Mama anamtaja kila siku. Mungu awalinde ugenini, awape afya na riziki ya halali.

Mama amesema nisikulazimishe, eti una mengi huko. Mimi nakulazimisha. Mpigie kaka yako, umwambie kisanduku kirudi. Ukinyamaza safari hii, nitajua kwamba ile swichi mliizima wawili.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira nawe,
Ibtihaj