Nimemlilia Kipriani wa Gwatemala, Sasa Baba Mkwe Ananinyima Binti

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada, na kabla hujanisaidia naomba usicheke mpaka ufike mwisho, maana Immakulata mchumba wangu amecheka mpaka amekaa chini, lakini baba yake hajacheka hata kidogo na ndiyo shida yenyewe.

Mimi ni Sylvesta wa Makere, umri miaka ishirini na sita, shule niliishia la nne kwa sababu mwalimu na mimi hatukupatana juu ya saa ya kuamka. Kazi yangu ni kubangaiza, nina baiskeli na sanduku la sabuni, sindano, nyembe na betri, leo niko gulio la Makere, kesho kutwa Busunzu, siku nikipata nguvu nafika mpaka Kumsenga, na nina redio moja naifunga juu ya sanduku naifungulia sauti yote, watu wakija kusikiliza taarifa ya habari wanaondoka na betri, ndiyo akili yangu hiyo.

Sasa mwezi wa pili huu uliopita, siku ya gulio, taarifa ya saa saba mchana, redio ikasema kuna nchi mbali sana inaitwa Gwatemala, ardhi imetetemeka watu wamelala, nyumba zao za udongo zimewaangukia, wamekufa maelfu kwa maelfu. Mimi Mama nina tabia ya kupiga kelele, hata sabuni naiuza kwa kelele, "Nakufa jamani, sabuni inaniua kwa povu!", basi na siku hiyo mdomo ukanitangulia, nikashika kichwa kwa mikono miwili nikalia, "Yoo! Nimefiwa mie! Nimekwisha!"

Haki ya Mungu nilitaka watu wasogee tu. Lakini kwetu hapa mtu akishika kichwa akalia wa kwanza, basi msiba umeingia kwake, hakuna wa kumuuliza cheti, hata marehemu awe amefia mbali namna gani matanga yanakaa kwa yule aliyepata habari. Narudi nyumbani nakuta mkeka umetandikwa mlangoni kwangu, mafiga yangu yamemwagiwa maji, maana nyumba ya msiba haiwashi moto, wanapika majirani, na akina mama kama thelathini wamekaa uani wanalia, na Bibi Tunu jirani yangu ananishika mkono, "Pole mwanangu. Kaa chini. Usifanye kitu."

Usifanye kitu! Mama, tangu nizaliwe hakuna mtu amewahi kuniambia neno hilo. Nikakaa.

Siku tatu hakuna jembe lililogusa udongo. Katibu wa kijiji akaja amevimba, "Gwatemala ni wilaya gani hiyo mpaka shamba la kijiji lilale?" Mzee mmoja akamwambia ni ng'ambo ya Kongo, ukimaliza Kongo tu unaiona. Bibi Tunu akasema, "Katibu, nyumba yako ya nini?" "Ya udongo." "Na zao za udongo. Kaa chini ule." Katibu akavua kofia akakaa, akapewa maharage. Watu wakawa wanatoka mmoja mmoja kwenda kupapasa kuta za nyumba zao, hizi tulizojenga juzi tulipohamia kijijini, wakirudi wanalia upya. Na mimi nimekaa katikati napewa pole, ugali wa muhogo unakuja, pombe ya ndizi inakuja, hadithi zinaanza, watu wanacheka, wanalia, wanacheka tena, Mama nisikufiche, ilikuwa raha.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mzima. Lakini siku ya pili Bibi Tunu akaniuliza, "Hivi marehemu wako hasa ni nani?" na mbele yangu pana migebuka imelala ndani ya mawese, nikaona nikisema sina mtu wataiondoa, nikasema, "Kipriani." "Kipriani nani?" "Rafiki yangu wa barua. Naye anauza sabuni." Watu wote wakasema aaah. Mpaka jioni Kipriani ana mke, kesho yake asubuhi ana watoto wanne na mbuzi, mchana mbuzi mmoja ameokoka. Akina mama wakamtia kwenye nyimbo za kilio, Kipriani mwenye moyo mweupe, Kipriani aliyekopesha sabuni wajane, na mimi nikamlilia kabisa, machozi ya kweli, na mtu mwenyewe nimemtunga kwa sababu ya samaki!

Sasa sikiliza linaloniua. Immakulata ni binti wa Mzee Niyonsaba wa Busunzu, watu wa Burundi hao, walikimbilia huku mwaka sabini na mbili, ndoa yetu ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, posa imeshapokelewa na kanisani tumekwisha kuandikishwa. Mzee akasikia mkwe wake kafiwa, akatoka Busunzu kwa miguu na fimbo yake, akakaa pembeni ya mkeka siku tatu hasemi, chakula anakigusa tu, anafuta macho tu kwa kona ya koti. Kuondoka akaniambia, "Mwanangu, sisi tulipokimbia hatukukaa matanga. Tulikuwa tunatembea." Halafu akasema, "Binti yangu haingii nyumba yenye msiba. Matanga huondolewa na mtu wa damu. Mwandikie ndugu yake Kipriani aje aondoe, ndipo umchukue mkeo." Akaenda.

Ndugu yake Kipriani! Nimtoe wapi mimi?

Mpaka leo ni wiki ya tano, mkeka uko mlangoni, jikoni kwangu hakujawaka moto, majirani bado wanaleta sahani, nimenenepa kwa huzuni mpaka suruali ya harusi haifungi. Immakulata nimemwambia ukweli, akacheka kama nilivyokueleza, kisha akafuta machozi akasema, "Utamwambia baba wewe au nitamwambia mimi, na mimi nikimwambia nitaigiza na ulivyokuwa unalia." Rafiki yangu Abbasi mwenye duka Kasulu ana njia nyingine, anasema pale mjini kuna Mkongo mmoja fundi cherehani anaongea Kifaransa kama maji, tumvalishe kofia pana, aje Makere awe ndugu yake Kipriani, aseme maneno yake pale juu ya mkeka, mimi nitafsiri, matanga yaishe. Mkongo ameshakubali, anauliza tu kama kutakuwa na pombe.

Mama, moyo wangu nusu uko kwa Mkongo. Nikisema kweli Mzee atanifukuza na Makere nzima itanidai machozi yake. Nikisema uongo namwoa Immakulata lakini ataniangalia maisha yote. Nifanye nini, na Pasaka inakuja mbio?

Ni mimi Sylvesta mfiwa, Makere.

MSHAURI ANAJIBU

Sylvesta, nimefika mwisho na nimecheka, chai yangu imemwagika juu ya barua yako, ndiyo maana hapo kwenye mbuzi aliyeokoka sikusoma vizuri. Sasa funga mdomo wako nikuseme.

Umekula migebuka ya watu kwa jina la maiti asiyekuwepo. Akina mama wameacha mbegu za maharage kwenye vikapu wakaja kukushika mkono, wewe ukawapa Kipriani. Aibu ikushike kidogo, haitakuua, umenenepa vya kutosha.

Lakini usijidanganye kwamba walimlilia Kipriani. Waliolala wakaangukiwa na kuta ni watu kweli, na Makere ililia kabla hujamtunga mtu wako, siku ile uliposhika kichwa. Kilio kile hakikuwa na uongo. Uongo uliutia wewe siku ya pili, pamoja na mawese. Kwa hiyo huna haja ya kuvunja matanga yote, toa kile ulichokitia wewe, basi.

Huyo Mkongo mwache na cherehani yake. Wewe hujui Kifaransa, utatafsiri nini? Na Abbasi mwambie auze chumvi.

Sasa tuje kwa baba mkwe wako, maana hapo ndipo umeandika jambo kubwa ukalipita kama mtu aliyepanda baiskeli mteremko. Mimi ni mtu wa pwani, lakini nimeolewa Heru, huko huko kwenu, mwaka wa kumi na tisa huu, nimekaa kwenye mikeka yenu mingi. Mgeni wa msiba huuliza: marehemu alikuwa wa ukoo gani, alizikwa wapi, nani alimfumba macho. Mzee Niyonsaba amekaa siku tatu na hakuuliza hata moja. Mtu mzima yule, unadhani alisahau? Hakuja kwa ajili ya Kipriani. Ana watu wake waliofia kule Burundi, na hajawahi kupata mkeka wa kuwakalia, amekwambia mwenyewe, walikuwa wanatembea. Akaona Makere imetandika mkeka kwa watu wa mbali wasiojulikana, akakaa pembeni yake, akawalilia wa kwake. Wewe ulikuwa unatazama samaki.

Basi fanya hivi. Nenda Busunzu kwa miguu, baiskeli iache, kama yeye alivyokuja kwako kwa miguu. Piga makofi mlangoni kwake kwa adabu, kaa chini kwenye udongo, umwambie Kipriani hayupo, hakuwahi kuwepo, na usitie mzaha hata punje moja mpaka amalize kunyamaza. Akikukaripia, pokea. Kisha umwambie: Baba, umesema matanga huondolewa na mtu wa damu, na katika wote waliokaa kwenye mkeka ule ni wewe tu mwenye damu yako uliyoiacha mbali bila kuikalia matanga. Njoo uyaondoe wewe, kwa ajili ya wa kwako na wale wa Gwatemala pamoja. Halafu nyamaza. Najua ni kazi ngumu kwako, lakini nyamaza.

Akikubali kuja, kabla hajafika uwe umewaambia wanawake wa Makere ukweli mbele ya Bibi Tunu, watakutukana mpaka wachoke, watacheka kabla hawajachoka. Matanga yakishaondolewa, uwashe moto mafiga yako kwa mkono wako mwenyewe, uwapikie wao, na migebuka iwepo, siyo dagaa. Mzee akiukunja ule mkeka, umkabidhi auchukue Busunzu, na Pasaka ikipita binti yake atauleta tena kwako akiwa bibi harusi.

Immakulata mshike sana. Mwanamke aliyekujua ulivyo akacheka, halafu akakulazimisha kusema kweli, huyo hapatikani gulioni.

Na Mungu akiwajalia mtoto wa kiume, mwiteni Kipriani. Kijiji kizima kimeshamlilia, sasa na kimbebe mgongoni.