Neno Nililokusahihisha

Kogo,

Nyanya yangu, ile siku sikuokoka. Sijamwambia mtu, hata Mama. Ninakuambia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyefurahi kuliko wote.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mhubiri aliyekuja shuleni aliwaomba wanaotaka kuokoka wasimame, na benchi letu lote likasimama. Ningebaki nimekaa peke yangu, shule nzima ikinitazama. Unajua ninavyoogopa kutazamwa. Kwa hiyo nilisimama ili nijifiche. Wenzangu walilia. Mimi niliangalia viatu vyangu nikingoja kitu kije moyoni, na hakikuja.

Tulipofunga shule nilikuta habari imenitangulia nyumbani. Ulimchinja yule kuku mweupe uliyekuwa ukisema hatachinjwa na mtu. Kwenye foleni ya kituo cha kupimia majani ya chai uliwaambia hata watu wasiotujua, "Chepet wangu ameokoka." Ningekuambiaje ukweli baada ya kuku?

Ndipo ukaanza kuniamsha. Kila asubuhi ya likizo, kabla hata ng'ombe hajakamuliwa, tulikwenda pale mstari wa kwanza wa chai unapokutana na nyasi za ng'ombe. Ulikunja gunia, ukapiga magoti juu yake, ukaniachia upande mmoja. Hukuomba kwa muda mrefu. Kikapu kilikuwa kinakungoja. Ulifunga macho, na mimi nikakaa nimeyafungua, nikitazama ukungu ukitoka bondeni na mikono yako ilivyokuwa myeusi kwenye vidole kwa utomvu wa majani. Ukisema amina, nami nilisema amina. Hivyo tu, Kogo. Likizo baada ya likizo nilikuwa nikikudanganya ukiwa karibu yangu kiasi cha kugusana mabega.

Ulituacha mwezi wa pili, kabla mvua haijaanza, majani yakiwa machache. Sasa mvua imekuja na chai imejaa hadi Mama anachuma huku akiilalamikia. Ng'ombe amezaa ndama jike. Kibuyu chako cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, nilikisafisha mwenyewe kwa mkaa wa mti wa senetwet kama ulivyonionyesha, lakini maziwa yaliharibika. Mama aliyamwaga. Alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Pale kwenye gunia nyasi zimeanza kuota. Niliziona nikapita.

Sikuwa nikienda tena. Kwa nini niende, na wa kumdanganya hayupo?

Lakini wale mama wa maombi ya Jumatano walikaa wakakubaliana kwamba nafasi yako niichukue mimi. Niwe ninaanzisha maombi. Shangazi Leah ndiye aliyeleta ujumbe. "Wewe umemaliza shule, Kiswahili unakijua, na umeokoka. Unataka tumtafute nani, askofu?" Nilisema ndiyo kwa sababu sikujua jinsi ya kusema hapana. Halafu nikaanza kupanga nguo. Nilikuwa nitoroke Jumatano asubuhi niende kwa binamu yetu kule Litein, nikae huko hadi watafute mtu mwingine. Afadhali waniite mwenye kiburi kuliko nisimame mahali pako na moyo usio na kitu.

Jumanne Mama Moraa, jirani yetu, aliniita nimsaidie kuchuma. Unajua alivyo, mikono yake haipumziki na mdomo wake pia. Alisema yeye atakumiss kwa sababu wewe ndiye uliyeamua tuombe kwa Kiswahili, ili mtu kama yeye aliyetoka Kisii, asiyejua lugha yetu, naye aweze kuitikia amina akijua anaitikia nini. Kisha akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini.

"Si wewe," akasema. "Si wewe ulikuwa unamfundisha nyanya yako Kiswahili."

Niliona aibu papo hapo, maana nilikumbuka. Nilikuwa darasa la sita. Nilikusikia ukiomba, "Pwana, mimi tupu," nami nikakukatiza katikati ya maombi. Nilikuambia ni Bwana, si Pwana, na ni tubu, si tupu. Useme natubu. Tupu ni kitu ambacho hakina kitu ndani, kama debe. Ulifungua jicho moja ukaniangalia. "Haya, mwalimu." Kesho yake ukasema tena mimi tupu, na mimi nikaamua umri umeshinda ulimi, ulimi uleule ulioniita Chepet badala ya Chebet. Nikakuacha. Miaka yote hiyo nilikuhurumia, Kogo.

Mama Moraa aliniambia ulimsimulia siku ileile, mkiwa mmebeba vikapu, ukicheka hadi ukakiweka chako chini. Ulisema, "Msichana anafikiri nimekosea. Kutubu nilitubu kitambo. Hii nyingine ndiyo sijamaliza."

Nikaacha kuchuma. Mama Moraa hakuacha. Alisema babu alipokufa ulikaa miaka mingi, yeye hajui mingapi, ukiomba na husikii chochote. Ulimwambia ni kama kuongea na mti. Na kila asubuhi ulikwenda. Hukuwa na maneno mengine ya kumpelekea Mungu, kwa hiyo ulimpelekea hayo: mimi tupu. Nikamuuliza ulianza lini kusikia tena. Alisema hakuwahi kukuuliza hivyo. Alikuuliza tu kwa nini hukuchoka ukaacha, nawe ukamjibu, "Kwani wewe huchuma chai siku ile umesikia hamu ya kuchuma? Chai huchumwa ikiwa tayari."

Kisha akakitazama kikapu changu. "Na hiyo chai yako iko tayari tangu saa mbili. Chuma."

Nilichuma nikilia. Alijifanya hanioni, na huo ulikuwa wema mkubwa.

Kumbe kwenye lile gunia tulikuwa wawili wasiosikia kitu, au mmoja aliyewahi kutosikia kitu na mwingine aliyefikiri yuko peke yake. Ungeniambia. Au ningekuambia mimi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya mengine yote, kwamba nilikuwa na mtu wa kumwambia, nikawa ninamsahihisha Kiswahili.

Jumatano sikwenda Litein. Mama wa maombi walijaa sebuleni kwako, wakaniachia kiti chako, nami nikasimama kando yake kwa sababu kukikalia sikuweza. Nilikuwa nimeandika maombi kwenye karatasi. Niliikunja bila kuisoma. Nilisikia mtu akikohoa, na mvua ikianza kwenye mabati. Mwishowe nilisema, "Bwana, mimi ni mtupu." Basi. Hakuna kingine kilichotoka.

Shangazi Leah aliinama akaninong'oneza, "Ni natubu, Chebet. Natubu."

Mama Moraa alisema amina kwa sauti kubwa mno, na wengine wakafuata.

Sitaki nikudanganye tena. Hakuna kilichonishukia siku hiyo. Alhamisi nilikwenda kwenye mstari wa kwanza, nikang'oa nyasi kidogo ili magoti yapate nafasi, nikakaa. Baridi ilikuwa kali. Ijumaa nilikwenda. Jumamosi nililala nikapitiliza, nikaenda baada ya kukamua, nikijiona mjinga. Leo ni siku ya kumi na tatu. Bado sisikii kitu. Ila nimeanza kufunga macho.

Pumzika, Kogo. Mimi nakuahidi kesho nitakwenda, na kesho kutwa. Zaidi ya hapo sijui kuahidi.

Lile la benchi naomba libaki kati yetu. Mama nitamwambia mwenyewe nikipata ujasiri. Huko uliko usimwambie mtu, hata babu, maana ulisema hajawahi kuweka siri hata moja.

Mjukuu wako,
Chebet