Doto, Sikula Miaka Yako

Mpendwa Doto,

Mjinga wewe! Ungeenda hospitali kifua kilipoanza kukubana, mwanao asingeniita mchawi. Nilikuambia. Ukajibu, "Ni upepo tu wa Ufipa, Kulwa, utapita." Ukapita wewe.

Unakumbuka mama alivyokuwa akinisema? Nilizaliwa mnene, wewe pacha wangu wa kiume ukaja nyuma kama panya aliyelowa. "Ulimmaliza mwenzio tumboni," ananiambia, halafu mtindi wote anakupa wewe. Nawe unanifuata nyuma ya kihenge, tunalamba kibuyu kimoja. Watu walikuwa wakilicheka lile neno la mama. Siku ya kukuzika hawakucheka. Walinitazama nilivyo mzima na meno yangu yote, wakasema bado nakula miaka ya pacha wangu. Mwanao Kasiano hakugusa tena chakula cha mkono wangu.

Hata mimi, Doto, nikaanza kuogopa. Nikiamka magoti hayaumi, naona aibu, kama nimevaa koti la marehemu.

Mwezi huu mjukuu wako Oliva, binti wa Kasiano anayesomea uuguzi Sumbawanga mjini, akaja likizo. Tulikuwa tunapukuchua mahindi barazani, baba yake kasimama uani, hataki kuingia. Nikamuuliza mtoto waziwazi: mtu anaweza kula miaka ya mwenzake?

Akacheka. "Bibi, sisi wanawake tuna kromosomu X mbili, nyuzi ndogo sana ndani ya mwili. Wanaume wanayo moja. Kwetu moja hulala tangu tumboni. Kwa panya majike waliozeeka, wataalamu wameona ile iliyolala inaamka kidogo kwenye ubongo, inasaidia. Kwa watu bado wanachunguza, lakini huenda ni sababu mojawapo ya bibi kubaki babu akiondoka."

"Kama nyasi tunazofukia kwenye matuta ya ntumba," nikasema. "Zinalala chini ya tuta, mwakani zinalisha mahindi."

"Ila nyasi zinaoza, bibi. Hii iko hai."

"Basi ni bora kuliko nyasi. Pukuchua."

Kasiano akauliza kule uani, "Kwa hiyo shangazi hakumla baba?"

"Hata mama anazo mbili, baba," Oliva akamjibu. "Yeye kamla nani?"

Mwanao ana kichwa kigumu kama chako. Lakini aliingia barazani. Kisha akanawa, akakaa, akamega ugali wangu wa ulezi, tonge kubwa, bila kunusa. Nikakimbilia jikoni kujifanya napuliza moto. Moshi ulinisitiri.

Tangu siku hiyo nalala vizuri. Magoti hayaumi na sioni aibu. Miaka hii nilizaliwa nayo mwenyewe. Tena ingekuwa inagawika, ningekuletea nyuma ya kihenge kama ulivyoniletea mtindi.

Pumzika, pacha wangu. Usinisubiri mlangoni, nina ulezi wa kupura.

Dada yako aliyekutangulia kuzaliwa,
Kulwa

Nawe Kasiano, unayemsomea baba yako hapo kaburini, futa machozi. Ng'oa hayo magugu, kisha njoo ule kabla ugali haujapoa.