Hamadi Anasomea Mwanga

Alhamisi, baada ya isha

Mwanangu mdogo Nasra kaigeuza simu sasa hivi, kumtafuta babaake wa kwenye picha nyuma yake. Alipomkosa akanitazama mimi, kama niliyemficha.

Leo bombani jirani yetu Bi Mize kaniuliza, mbele za watu, mume wangu Hamadi anasomea nini huko Uturuki.

"Digrii ya pili, ya mwanga."

"Uwanga? Mwanangu, safari yote ile kujifunza uchawi, na walimu wamejaa hapa hapa Pemba!"

Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Nikawaambia ni mwanga huu wa taa, wa miwani na mashine za macho. Nikacheka na mimi. Kisha nikatamani kumhadithia Hamadi mwenyewe, lakini mchana hushinda kwenye chumba cha giza bila simu, eti ndimo wanamoupimia huo mwanga.

Kesho anampa mwalimu wake jibu, abaki aendelee na masomo au arudi nyumbani. Kaniachia mimi niamue. Jana nilimwambia abaki, na sauti ikanitoka vizuri tu.

Usiku huu nitamwambia kweli. Masomo yake nayataka, wallahi, lakini kitanda hiki bila yeye—

Mamamkwe ananiita, Hamadi kapiga kwenye simu ya mamaake. Niende kabla sijaghairi.